Nusu ya Radhi

Bibi yangu hakuwa na neno na Waswidi mpaka siku nilipomsimulia wanavyokula.

Nilikuwa nimerudi kwetu Ibra, Oman, kwa likizo ya baridi, kutoka Uingereza nilikokuwa nasoma usimamizi wa biashara chuo kikuu. Hiyo ndiyo fani waliyonichagulia wazee. Fani ya pili, ile ndogo ya pembeni, niliichagua mwenyewe: lugha, fasihi na utamaduni wa Skandinavia. Kila aliyesikia aliniuliza itanifaa nini, na kila aliyeniuliza nilimkasirikia. Ami yangu wa mji wa Mudhaibi alizidi. "Hicho Kiswidi huku utasema na nani, na mbuzi?" Nikamjibu kwamba mbuzi wake hawamwelewi hata kwa Kiarabu, na mama akanitoa nje.

Kusema kweli niliyapenda masomo yale. Nilizipenda hadithi za kale za Aisilandi, ambazo hazianzi mpaka uelezwe nani ni mwana wa nani na babu yake katokea wapi, vilevile anavyofanya Bibi nyumba ikiletwa posa. Ili niimalize fani hiyo ilinipasa nikae Uswidi muhula mmoja, mara tu baada ya likizo. Baba alikubali, ila kwa sharti. "Kamuombe Bibi radhi. Asiporidhia, huendi." Bibi ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini, na kwetu hakuna aliyewahi kusafiri bila ya radhi yake.

Na alikuwa karibu kuridhia. Mchana mmoja tumezunguka sinia ya wali na mchuzi wa papa, nami kwa raha zangu nikawasimulia jambo tulilosoma darasani: kwamba Uswidi, hasa zamani, mtoto akienda kucheza kwa mwenzake, saa ya chakula ikifika wenyeji hukaa mezani na mgeni husubiri chumbani mpaka wamalize. Nilidhani watacheka. Ulimi uliponza kichwa.

Bibi alisita na tonge mkononi. "Mtoto wa mtu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yumo ndani ya nyumba, harufu anaisikia?"

"Ndiyo, lakini..."

"Astaghfirullah! Na miye nikupeleke weye kwa watu hao? La, wallahi. Khalas, basi tena."

Ili kumwelewa lazima uijue nyumba yetu. Anayeleta mtungi wa gesi saa ya chakula haondoki hivi hivi. Ataitwa, atasema kashiba, ataitwa tena, na mwisho atavutwa kanzu. Bibi hupika akimkisia na mtu ambaye bado hajulikani ni nani. Sasa yeye akanuna na mimi nikawa na hasira. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia, na Waswidi nao nikawakasirikia wote pamoja na viazi vyao. Likizo ilikuwa inakwisha na radhi sina.

Mwalimu wangu wa Kiswidi, mama mmoja wa makamo, ndiye aliyekuja kuniondoa kwenye tope, wala hakujua. Alikuwa anakuja Oman kuona jangwa, na njia ya jangwani inapita Ibra, kwa hiyo tangu chuoni nilikuwa nimeshamualika chakula cha mchana. Niliogopa kumwambia Bibi. Nilipomwambia, hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa anauchagua.

"Naaje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi hatutamtia chumbani."

Nilikuwa nimemwambia mgeni saa saba. Kwetu saa saba maana yake saa nane kasorobo, kama watu wana haraka. Yeye saa saba kamili yuko mlangoni, viatu keshavua, Bibi bado yumo kwenye sala na biriani bado imo motoni. Mama alimkaribisha majlis, chumba cha wageni, akammiminia kahawa, na hapo nikafanya uzembe wa kutomfundisha kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Akawa anamaliza kwa adabu, mama anajaza kwa adabu. Bibi akaingia, akapewa shikamoo ya Kiswahili chetu cha nyumbani, niliyomfundisha mgeni chuoni naye akaifanyia mazoezi njia nzima. "Marahaba," akaitika, uso ukamlainika, kisha akakumbuka kwamba amenuna. Akakaa akiangalia vikombe vinavyokwenda na kurudi.

"Maskini," akasema, "kumbe alikuwa na kiu huyu."

Ndipo nikamnong'oneza mwalimu akitikise.

Tulikula vizuri. Halwa ilipokuja, Bibi aliniambia, "Muulize."

"Bibi, naona haya!"

"Muulize, nasema. Mtu huulizwa la kwao."

Nikauliza kwa Kiswidi, natazama zulia. Mwalimu aliona haya, lakini hakukana. Alisema ni kweli. Yeye mwenyewe utotoni alikaa chumbani kwa rafiki yake akisikia visu na uma, wala hakuona ajabu, kwa sababu kwao mama yake naye alikuwa amempikia. Mama wa rafiki yake angemlisha, ingekuwa kama kumwambia mama yake kwamba hawezi kumlisha mwanawe.

Nilifasiri, nikingoja Bibi asonye. Hakusonya. Aliisogeza sahani ya halwa, akasema na mimi, si na mgeni.

"Tulipokuja kutoka Unguja hatuna kitu. Majirani wa hapa wakituletea sinia kila mchana, watu wema, Mungu awalipe. Mama yangu akiipokea, akiwaombea dua, kisha anaingia ndani analia. Akisema, 'Mpaka lini nitalishiwa wanangu?' Siku aliyopika chake, akampelekea jirani, ndiyo siku ya mwanzo nilomwona anacheka katika nchi hii."

Sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Mama pia hakuwahi. Nilimwona akiweka birika chini. Nikayafasiri kwa Kiswidi changu cha kuungaunga, na mwalimu akaushika mkono wa Bibi, na Bibi akamwachia aushike.

Mgeni alipoondoka baada ya alasiri, Bibi aliniita. "Radhi yangu nakupa nusu."

"Bibi, radhi haigawiki."

"Yangu inagawika. Nusu hii ya kwendea. Nusu ya pili utaipata ukinambia nani kala kwako. Usijikunyate chumbani ukangoja kuitwa. Ukisikia sahani, toka, pika, uite weye."

Huko Uswidi nilipangiwa bweni lenye jiko la pamoja, kila mtu na rafu yake na jina lake kwenye pakiti ya maziwa. Wiki za mwanzo nilikula nimesimama, haraka, kama mwizi. Masomo yalikwenda vyema, lakini Bibi akipiga simu hakuulizia masomo. "Kala nani?" Hakuna bado, Bibi. "Haya," anasema, na "haya" ile ilikuwa ikinikaa kifuani. Niliona aibu na niliogopa. Nilikuwa nchi ya watu kwa nusu ya radhi, na nilivyolelewa mimi, hilo si jambo la mzaha.

Jumamosi moja nikafungua makopo ya tui, nikapika wali wa nazi na mchuzi wa samaki mpaka ukumbi mzima ukanukia, kisha nikagonga milango. Walinishukuru na kusema wameshakula. Mlango wa mwisho ulikuwa wa msichana mmoja mkimya ambaye hatujawahi kupeana naye zaidi ya salamu. "Leo?" akauliza. "Sasa hivi?" Akaja na sahani yake mwenyewe. Akala, akaongeza, akasema ahsante kwa chakula, akaosha sahani, akaondoka nayo. Sikujua kama kalipenda pishi au kanistahi tu, na Bibi sikumwambia.

Wiki iliyofuata tukakutana kwenye ngazi. Akasimama, akaniangalia usoni, akasema ahsante kwa ile siku. Desturi hiyo niliisoma kitabuni, kwamba Waswidi wakikutana tena na mwenyeji wao humshukuru mara ya pili. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mwenyeji nitakuwa mimi. Nikampigia Bibi pale pale kwenye ngazi, nikamweleza yote, na sahani aliyokuja nayo.

Akauliza, "Kashukuru tena? Ilhali chakula cha wiki ilopita?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yangu angempenda huyo," akasema. Nilimsikia akiweka kitu chini. "Haya, mjukuu wangu. Chukua nusu yako. Sasa soma."