Dada Shifti na flashi zinazojifungua zenyewe

Saa moja na robo asubuhi. Mwanamke mwembamba mwenye miwani anapangusa kibodi kwa kitambaa, herufi moja baada ya nyingine, kisha anapokea flashi ya kwanza ya siku kutoka kwa mwanafunzi wa uuguzi. Kidole chake cha kushoto kinabonyeza kitufe cha Shifti na kubaki hapo. Mkono wa kulia unachomeka flashi. Anaanza kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi, kama afanyavyo kila siku.

Leo anafika sita. Mteja mwingine anauliza kama wanajalidi vitabu kwa jalada gumu, naye anageuka kumjibu. Kidole kinateleza.

Siku nyingine kuteleza huko kusingekuwa na neno, kwa kuwa kompyuta hii imezuiwa kuendesha chochote kilichomo kwenye flashi bila ruhusa. Lakini sasa dirisha dogo jeusi linatokea kwenye kioo, linapepesa na kutoweka.

Hapigi kelele. Anainama, anachomoa waya ukutani, na kioo kinazimika.

"Samahani mdogo wangu," anamwambia mwanafunzi. "Kaa kwenye benchi, nipe muda kidogo. Kazi yako sijaipoteza."

Mwanafunzi anakaa, lakini uso umemshuka. Ripoti yake ya mafunzo ya wodini inatakiwa chuoni saa sita mchana, na nakala nyingine hana.

Wanafunzi wa chuo cha jirani wanamwita Dada Shifti. Ana miaka thelathini na minne, na kwa miaka saba amekaa kwenye dawati la mlangoni katika duka la uchapaji la mjomba wake. Kompyuta yake ni kuukuu na haikuunganishwa na zile tatu za ndani zinazochapa. Hakuna flashi inayovuka kwenda ndani kabla hajaikagua. Kwa siku hupokea kama themanini, na katika kila kumi, mbili au tatu huwa na uchafu, yaani virusi.

"Flashi inaweza kubeba kijifaili kinachoiamuru kompyuta: nikichomekwa tu, endesha programu hii," anaeleza. "Kompyuta ya kizamani ni mtiifu kupita kiasi. Haiulizi umetoka wapi. Mimi nimeifundisha ikae kimya mpaka niseme."

Ndiyo maana alizima uwezo huo ndani ya mipangilio, na juu yake akaongeza kidole, kwa sababu ukishikilia Shifti wakati wa kuchomeka, amri ile haitekelezwi. Wanafunzi wanamtania kwamba atakayemuoa atasimamishwa mlangoni hadi ahesabiwe kumi kila jioni. Yeye hucheka, huku kidole kikiwa palepale.

Hakuanza akiwa hodari. Katika mwaka wake wa pili kazini, mama mmoja alileta tasnifu aliyoihangaikia kwa miaka miwili. Flashi ilipofunguka, mafaili hayakuonekana. Dada Shifti aliamini kirusi kimeshayala, akaifuta flashi yote ili angalau iwe safi. Siku chache baadaye fundi alimweleza kwamba kirusi cha aina ile hakili kitu. Huficha tu. Kilichofuta tasnifu ni mkono wake mwenyewe.

"Yule mama hakunigombeza," anasema, akiivua miwani na kuifuta. "Alikaa pale kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa. Afadhali angenitukana."

Tangu hapo alisoma kila alichopata na kuwasumbua mafundi wa mtaa mzima kwa maswali. Hakuna flashi aliyoifuta tena kabla ya kutafuta kilichofichwa.

Leo pia anatafuta. Anaiwasha kompyuta kwa diski safi na kuisafisha taratibu. Saa nne na dakika ishirini anaipata ripoti ya mwanafunzi imefichwa, kurasa thelathini na nane, hata picha hazijapungua. Mwanafunzi anaikumbatia bahasha yenye nakala iliyochapwa, anashukuru mara tatu, na kuondoka mbio.

Hapo ndipo Dada Shifti anapofungua mipangilio na kukuta ule uwezo wa kuendesha flashi aliouzima umewashwa. Neno la siri wanalijua watu wawili tu.

Mjomba yuko nyuma, kwenye mashine ya kukatia karatasi. Ana miaka sitini na miwili, na vidole vyenye madoa ya wino yasiyotoka. Akiulizwa, anazunguka. Mara foleni ni ndefu, mara wateja wanalalamika, mara kuna fundi alipita Jumapili akasema ni kazi ya dakika moja.

"Kompyuta inanunuliwa ifanye kazi yenyewe," anasema. "Siyo kushikwa mkono kila siku."

Dada Shifti anamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba ndani kuna tasnifu hamsini na mbili za wiki hii. Kama dirisha lile lingefunguka kwenye mashine za ndani, leo benchi lisingetosha. Mjomba anapanga karatasi ambazo tayari zimepangika.

Miezi miwili iliyopita, mpwa huyu alimweleza kwamba amepata nafasi chuoni kusomea usalama wa kompyuta. Ataanza mwakani. Anataka baadaye awafundishe wafanyakazi wa maduka kama haya, wasije wakakosea alivyokosea yeye. Siku ile Mjomba alijibu "sawa" na kwenda kuongeza wino.

Sasa anaizima mashine ya kukatia.

"Uliponiambia unaondoka, nikasema lazima ile kompyuta ya mlangoni izoee kufungua flashi bila wewe," anasema. Anatazama vidole vyake. "Nilikuwa najidanganya. Kompyuta haina shida. Ni mimi, mwanangu. Sijui nitakaaje humu bila wewe, na nilikosa namna ya kukuambia. Nenda kasome. Ila kabla hujaenda, kaa na mimi hapo mlangoni, unifundishe kuhesabu hadi kumi."