Shemeji Anaacha Sigara kwa Kunadi

Shemeji yangu Heriel anauza masufuria na ndoo kwa jumla Kariakoo, nami humsaidia dukani, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni mnadi wa kanisa. Kila Sikukuu ya Mavuno, waumini wakishatoa mikungu ya ndizi, mayai na kuku wao, yeye ndiye hushika kipaza sauti na kuvinadi uani baada ya ibada. Mtu huenda kununua nanasi moja akarudi nyumbani na mbuzi, na bado anacheka.

Mwaka jana sigara zilimwaibisha. Katikati ya mnada alishikwa na kikohozi mpaka mzee mmoja wa kanisa akampokea kipaza sauti, na mbuzi akauzwa kwa bei ya kutupa. Wazee wakamwambia wazi: ukikohoa tena, tunatafuta mwingine. Sijawahi kumwona akinyong'onyea vile, hata siku duka lilipoingia maji.

Akaacha. Yaani, alidai ameacha. Alinunua ile sigara ya umeme yenye harufu ya stroberi, akawa anafuka dukani kutwa nzima, wateja wakadhani tumeanza kuuza juisi. Dada yangu Aikande, mkewe, hakupoteza maneno. Alifunga duka mchana kweupe, akamkokota mpaka Upanga kwa daktari Rinkal. Nami nikafuata, maana umbea wa namna ile lazima uushuhudie mwenyewe.

"Baba, hicho kidude nacho kina nikotini," daktari alisema. "Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, ubongo unafurahi, halafu unadai tena. Usijione dhaifu. Huu ni ugonjwa na una dawa."

Akampa viraka vya nikotini vya kubandika mkononi, vya kupunguzwa taratibu, na jojo za kutafuna hamu ikizidi. "Na hamu yenyewe haikai," akaongeza. "Ikija, jishughulishe dakika chache na kitu unachokipenda. Itapita."

Daktari wa watu hakujua anamwambia nani. Shemeji anapenda kitu kimoja tu.

Kesho yake asubuhi, hamu ilipomshika, alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kunadi kifuniko cha sufuria. Machinga wakajaa. Mchana alinadi kiti nilichokuwa nimekalia. Siku iliyofuata akanadi wali maharage wangu, na dalali mmoja wa nguo akaununua kweli, akaula mbele yangu bila haya. Nilitaka kununa nikashindwa, maana mtaa mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Lakini mazoea yana taabu: mara mbili aliteleza, akavuta nyuma ya stoo. Daktari hakumgombeza. Alimbadilishia kiraka, wakaanza upya.

Mavuno ya mwaka huu yakafika. Shemeji alinadi kama bomba lililopasuka, watu wakishika mbavu. Akabaki jogoo, sadaka ya Aikande mwenyewe. Dau likafika elfu arobaini, mzee mmoja akiongoza.

Hapo nikaona mkono wa shemeji unapapasa mfuko wa shati. Jasho likamtoka. "Arobaini mara ya kwanza," akasema, sauti ikififia, macho yakielekea getini kwa muuza sigara. Nikajua mnada ukiisha tu, tumempoteza.

"Hamsini," akasema Aikande.

Watu wakageuka kumwangalia mama anayenunua jogoo wake mwenyewe. Shemeji naye akamtazama, sauti ikamrudia. "Hamsini mara ya kwanza, mara ya pili..."

"Sitini," akasema Aikande, akijipandishia dau mwenyewe.

Ua mzima ukaangua kicheko. Mchungaji alijifuta machozi kwa joho. "Sabini," akasema dada, hana habari na mtu, macho kwa mumewe tu. Wakaenda hivyo, yeye akipandisha, mumewe akinadi, mpaka nikaona mabega ya shemeji yanashuka na mkono unatoka mfukoni.

Akavuta pumzi ndefu bila kukohoa. "Mara ya tatu."

Alishuka na jogoo, akamkabidhi mkewe, akamwinamia sikioni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Imepita, mama Allan."

"Afadhali," akasema dada yangu, akilia na kucheka. "Nilikuwa nimeshaingia kwenye ada ya Allan."