Udi wa Mama na Wageni wa Serikali

Jamani, leo kazini king'ora cha hatari kimelia kwa sababu yangu.

Kampuni yetu ndogo hapa Hopkins, huku ughaibuni, inatengeneza kifaa cha kunusa gesi ya hidrojeni inapovuja. Serikali ndiyo inayogharamia utafiti, na leo wakaguzi wake walikuja kukiona kikifanya kazi.

Asubuhi mama alinipigia kutoka Unguja. "Mwanangu, usiende mbele ya wageni hivihivi. Jifukize udi."

Nikajifukiza. Koti, mtandio, nywele, vyote.

Basi wageni wakaketi. Nikakisogelea kifaa nianze kueleza, kikapiga kelele!

Bosi akafunga mitungi ya hidrojeni ya majaribio, akatutoa wote nje kwenye theluji. Akapima: hakuna gesi. Tukarudi ndani.

Nikakisogelea tena. Kelele tena.

Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akaja karibu yangu, akanusa. "Nadhani ni wewe," akasema kwa upole.

Ule upole ndio ulionimaliza.

Kifaa nilichokihangaikia mwenyewe, kimeonyeshwa na bosi. Mimi nimetolewa nje, nimetazama kupitia dirishani, nimesimama paking kwenye baridi.

Sasa hivi mama kapiga tena, kwa furaha: "Haya niambie, wageni wameisikia harufu?"

Nyie, nimjibu nini?