Siku Tuliyowaita Wakwe Wezi wa Ng'ombe

Binti yangu alipoamua kuolewa, hakuchagua kijana wa Kamembe hapa kwetu, wala wa Kigali kama shangazi zake walivyokuwa wakimwomba Mungu. Alichagua Mshi, kijana wa kabila la Bukavu ng'ambo ya mpaka, na alimchagua wakati ambao kila redio ukiifungua inataja vita ng'ambo ya mto. Majirani walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Mimi nilikulia Bukavu, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima, na pole zao zilinikera. Mto Rusizi si bahari. Nikisimama nyuma ya nyumba yangu naona mabati ya mtaa niliochezea utotoni.

Hata hivyo, niliogopa. Mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa bila kumuuliza mtu. Sote tulijua kwamba wakwe wakivuka kuja kuposa, kisha wakarudi kwao na hasira, huenda wasipate njia ya kuvuka tena, na huenda wasiitafute. Binti yangu alijua hilo kuliko sisi sote. Asubuhi ya posa alishindwa hata kunywa chai.

Kwetu Wanyarwanda posa ina mchezo wake. Wageni wakimwomba binti, msemaji wa familia hakubali. Anasema hapa hakuna msichana, anawasingizia wageni makosa, anawakumbusha ugomvi ambao haukuwahi kutokea. Msemaji wao anajibu kwa utani, anatozwa faini ya pombe, watu wanacheka, na mwishowe binti anatolewa. Familia isiyokataa kwanza inaonekana inamtupa mtoto wake. Mama wa binti anabaki ndani, kimya. Kwa mtu mwenye mdomo kama wangu, hiyo ni adhabu.

Msemaji wetu alikuwa shemeji yangu, mfugaji kutoka Nyanza, hodari wa maneno. Wakwe nao walikuwa wamemwandaa binamu yao aliyesoma huku kwetu, anayeujua mchezo wote. Lakini siku hiyo binamu alirudishwa darajani kwa sababu kibali chake kilikuwa kimekwisha muda. Wenzake wakavuka bila yeye, na aliyeketi kwenye kiti cha msemaji akawa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu aliyevaa koti zito juani. Hakuna aliyekumbuka kumweleza chochote.

Nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia, binti yangu amenishika mkono. Shemeji akasimama, akajaribu Kiswahili chake cha sokoni kwa heshima ya wageni.

"Mnataka binti? Kwanza turudishieni ng'ombe wetu. Majuzi ameibwa, na nyayo zake zilivuka mto kuelekea kwenu."

Watu wetu wakacheka. Hilo ni shtaka la kawaida kabisa. Karibu kila posa ina ng'ombe wake aliyeibwa. Upande wa wageni hakuna aliyecheka. Mzee akainuka polepole, akavaa kofia yake.

"Ni sisi bezi?" akasema. "Bantu ya bunduki balikamata ngombe zangu zote kule Kabare, hata kandama kamoja habakuacha. Leo nakuja huku na heshima, na munaniita mwizi. Twende."

Wageni wote wakainuka. Binti yangu akaniachia mkono, akaketi kitandani, akaanza kuvua shanga zake.

Desturi inasema nibaki ndani. Nilitoka. Nilitoka na aproni yangu na mwiko wa kisamvu mkononi, nikasimama mbele ya wageni ili wasipite, nikasema nao kwa Kiswahili cha Bukavu nilichokulia.

"Papa, ikala kwanza. Hii ni michezo ya kwetu, hakuna muntu anakuita mwizi. Huku banakukatalia kwanza, kisha banakupa mutoto. Kama tulikuwa tunakatala kweli, mimi ningepika sombe ya nini tangu jana?"

Hakucheka. Lakini hakunipita. Na shemeji yangu akavua kofia, akamwendea mzee akiwa ameinamisha kichwa.

"Mzee, nisamehe. Sikujua. Hao ng'ombe wako walikuwa wa namna gani?"

Lilikuwa swali la mfugaji, na mfugaji mwenzake alilijibu. Alianza na jike mweusi mwenye pembe iliyopinda, akaja kwa yule mkaidi aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa yeye. Shemeji akauliza juu ya maziwa, akauliza alizaa mara ngapi. Wageni wakarudi vitini mmoja mmoja, kwa sababu hakuna anayebaki amesimama mazungumzo ya ng'ombe yakianza. Mimi nililia, mwiko mkononi, na sikujali nani ananiona.

Kisha mzee akamgeukia shemeji.

"Na ile ya kwenu yenye ilipotea," akauliza, "ilikuwa ya rangi gani?"

Shemeji alichelewa kuelewa. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la mzee, yakaenda hadi kwenye uzio, alipofungwa ng'ombe wa mahari. Mifugo haikuruhusiwa kuvuka mpaka, kwa hiyo wakwe walikuwa wamemnunua upande wetu, huko Mibirizi, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Mwekundu," shemeji akasema. "Ana baka jeupe usoni."

"Basi ni ile pale. Tuliikuta mu njia, tukasema tuirudishe kwa benyewe." Mzee akavua kofia yake, akaketi. "Sasa mutupe mutoto yetu."

Vicheko vilifika barabarani. Nilikimbia ndani kumwambia binti yangu avae shanga, nikamkuta ameshazivaa, yuko dirishani, analia na kucheka pamoja. Faini ya pombe ililipwa na shemeji, na alistahili.

Sasa binti yangu anaishi Bukavu. Vita haijaisha, na redio bado inataja vilima ninavyovijua. Siku nyingine naizima kwa hasira. Yule ng'ombe wa mahari amezaa ndama jike. Kwa desturi yetu, ndama kama huyo hurudishwa kwa maharusi. Kwa kuwa hawezi kuvuka bado, analishwa huku upande wetu, kijijini Nkanka, kwa rafiki yangu mwenye nyasi nzuri. Mzee hunipigia simu kila Jumapili, na hata hasalimii.

"Maman, ngombe yetu iko?"

"Iko, Papa. Inakula kunishinda mimi."

"Usiiuzishe," aliniambia juma lililopita. "Nimeisha kuijengea nyumba."