Taa Iliyojipasha Moto

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia ilianza na mvua, ile mvua ya Gisenyi inayoshuka kutoka milimani ikalificha ziwa lote. Ninyi hapa kwenye meza za kutengenezea simu mnaniita mzee, na mimi nawaacha, ingawa mvi zangu ukiamua kuzihesabu hazitakuchosha. Siku hiyo nilikuwa msichana aliyetoka tu shule ya ufundi, kichwa kimejaa kama gunia la viazi vya Kanama siku ya soko.

Mama yangu ni mshonaji. Alirudi kutoka Kongo na cherehani yake na Kiswahili chake cha Goma, na vyote viwili hajaviacha hadi leo. Anashona mishanana, yale mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, na shanga anazipachika kwa mkono. Sasa mwaka ule alipasuliwa macho. Upasuaji ulikwenda salama, Mungu ashukuriwe, lakini baadaye taa za kawaida zikawa zinamchoma. Ukimwashia balbu nyeupe, machozi yanatiririka kabla hajatia uzi kwenye sindano. Na chumba chetu kilitazama ukuta wa jirani. Bila taa, hata mchana huoni mkono wako. Bibi arusi mmoja wa Rugerero alikuwa ameshaleta kitambaa, na mama kazi yake ikawa kukikunja na kukikunjua. Akaanza kusema ataacha ushonaji, atauza mboga. Sikuwahi kumwona mama yangu akiogopa mpaka wakati huo.

Nikaenda kwa Mwalimu Spesioza. Huyu alinifundisha umeme, na yeye ndiye aliyekinyoosha Kiswahili changu, maana alikulia Karagwe, upande wa Tanzania. Alikuwa mama mpole wa sura na mkali wa jicho. Nilimweleza shida, akaingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwa kitenge.

Kilikuwa kipande cha kioo cha ukubwa wa kiganja, chembamba kama sarafu. Alikipata alipokwenda kusoma mbali, na hakuwa na kingine. Akakiunga na kisanduku chake cha umeme, kile chenye kitufe cha kuzungusha na mshale wa kuonyesha umeme unaopita, na kioo kikang'aa chote kwa pamoja. Balbu ni nukta moja inayokudunga. Hiki kilikuwa uso mzima wa mwanga, mtulivu, unaweza kuutazama usikwepeshe macho. Nilisahau hata kumshukuru.

Aliniambia ndani yake hakuna waya unaowaka. Kuna tabaka za vitu vya kaboni, jamaa wa vile vilivyomo kwenye majani na mafuta, tabaka nyembamba hivi kwamba unywele wako mbele yake ni gogo. Umeme ukipita humo, tabaka zinatoa nuru. Ndiyo hiyo OLED mnayoibandua kwenye simu kila siku bila hata kuisalimia. Nami hadi leo naisalimia, mnicheke mkitaka.

Mama alipoketi nyumbani mbele ya ile taa, tuliyoiegemeza ukutani, alitazama, akasubiri machozi, hayakuja. "Hii taa iko muzuri, Vestine," akasema. "Haichome macho. Ila hizi shanga ndogo bado siko naziona muzuri. Ongeza kidogo, mama."

Mwalimu alikuwa amekuja nami kuona kama itafaa, amekaa kwenye mkeka na kikombe cha chai. Nami nikaongeza. Chumba kikachangamka, mama akacheka, akaniita fundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwanangu. Nikazungusha tena, na tena kidogo, kwa sababu nilimtaka mama acheke vile vile.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo halijanitoka moyoni. Niliondoa mkono kwenye kitufe, na mshale ukaendelea kupanda. Hakuna aliyeugusa. Umeme ulikuwa unaongezeka wenyewe, polepole, kama kuna mtu ndani anauita. Halafu katikati ya kioo pakazidi kung'aa, pakawa peupe, na kingo zake, wallahi, kingo zikaanza kufifia. Umeme unazidi, na pembeni panaingia giza. Nilisimama pale mdomo wazi. Niliogopa, na wakati huo huo sikutaka iishe.

"Umeshaona?" Mwalimu akauliza. "Haya, punguza. Usipopunguza sasa, mama yako atabaki na kioo kitupu."

Nilipunguza. Niligusa mgongo wa taa, ulikuwa moto wa kukuunguza kidole. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha bibi arusi kwa mikono miwili, kifuani.

"Lakini mwalimu," nikasema, "ulitufundisha waya ukipata moto unauzuia umeme."

"Waya, ndiyo. Waya wa pasi ukipata moto unagoma, na kugoma kwake kunauokoa. Hii si waya. Hii ikipata joto inazidi kuufungulia umeme mlango. Umeme ukizidi, joto linazidi. Joto likizidi, mlango unafunguka tena. Inajipasha moto yenyewe, binti, na haijui kusema basi."

Kisha akamgeukia mama, kwa sababu alikuwa mtu wa kumwingiza kila aliyeko chumbani. Akamwuliza kama amewahi kunywa pombe ya ndizi kwenye kibuyu kimoja, watu wengi, kila mtu na mrija wake. Mama akasema, bon, nani hajawahi. "Basi yuko yule aliyeketi katikati," Mwalimu akasema, "akishapata joto anavuta zaidi, na akivuta zaidi anapata joto zaidi. Wa pembeni mirija yao inakauka. Hajamnyang'anya mtu kwa ubaya. Ni joto tu." Mama akacheka, akataja jina la mjomba wangu mmoja ambalo sitalirudia hapa.

Nami sikucheka. Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba taa haiwezi kumfaa mama na kesho atanunua mboga za kuuza. Nikamwuliza Mwalimu tufanyeje basi, maana shanga hazionekani na mwanga hauongezeki.

Akainuka. Akachukua mfuniko wa sufuria ya alumini, akaubandika mgongoni mwa taa ili ubebe lile joto. Akarudisha kitufe mahali pa chini alipokuwa amekiweka yeye mwanzo. Kisha akaiinua taa kutoka kule ukutani, akaileta hadi kando ya magoti ya mama, shibiri moja kutoka kwenye sindano. Balbu huwezi kuifanyia hivyo, itakupofua. Hii ilikubali.

"Ukitaka mwanga zaidi," akasema, "si lazima uongeze moto. Sogea."

Mama akatia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Bibi arusi alivaa mshanana wake, na shanga zote zilikuwa mahali pake.

Taa ile bado iko nyumbani kwa mama. Imezeeka. Katikati, pale ambapo joto hukaa zaidi, ndipo palipofifia kwanza. Kingo bado ni changa. Kila mwaka mwanga unapungua kidogo, na kila mwaka mama anakivuta kiti chake karibu zaidi. Nikienda kumtembelea tunakaa magoti yanagusana.

Basi mwanangu, nimekuona. Unavuka mpaka kutoka Goma kila asubuhi kuja kazini, jioni uko darasani, ukirudi unataka kumfurahisha kila mtu, na wakikusifu unaongeza. Ngoma ivumayo sana hupasuka, na yenyewe haisikii ikianza kupasuka, inasikia mvumo wake tu. Siku ukiona mshale wako unapanda na mkono wako hauko kwenye kitufe, punguza. Jiwekee kitu mgongoni cha kukubebea joto: rafiki, usingizi, sala, chochote kisichohitaji ung'ae. Na wale unaowapenda wakikuambia hawakuoni vizuri, usijichome kwa ajili yao. Wasogelee.

Mungu akutunzie nuru yako isiishe mapema. Akupe mtu wa kukuambia punguza kabla kioo hakijawa kitupu, na akupe uzee wa kukaa na mtu magoti yakigusana. Haya, rudi mezani, na hiyo simu uliyoishika, isalimie kwanza.