Mstari Mwekundu Kwenye Jina la Sajini Ilunga

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kumbukumbu za askari, hapa katikati ya Lubumbashi, nilivaa koti la shemeji yangu, na mikono yake ilinifunika hadi vidole. Mkuu wa ofisi alinitazama, akacheka, kisha akanipa daftari zito la kikosi: majina, namba za askari, tarehe za kuingia. Baadhi ya majina yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu.

"Ile ligne ya rouge inasema tu muntu alitoka mu kikosi," aliniambia, kisha akaonyesha kabati lililofungwa. "Sababu haiko apa. Iko mu armoire, na funguo ya armoire, weye hauna."

Nilimpenda sana mzee yule. Alinifundisha kufunga faili kwa uzi bila kuchana karatasi, kusoma mwandiko wa makapteni, na kutomjibu mtu kwa kubahatisha. Hilo la mwisho lilinishinda.

Wakati wa vita niliwekwa dirishani, wake wa askari walipopanga foleni. Mama mmoja mjamzito alikuja mara tatu kumuulizia mumewe, Sajini Ilunga. Watu walikuwa wamemwona huko Kasenga, amevaa kiraia, anauza samaki kando ya mto Luapula. Nilifungua daftari, nikaona mstari mwekundu. Nilikuwa nimechoka, tena nilipenda kuonekana najua.

"Mama, bwana yako alikimbia kazi," nilimwambia.

Aliondoka, nami nikamwita aliyefuata.

Baadaye nilihamishiwa Likasi, nikarudi nikiwa msaidizi wa mkuu, mwishowe nikakabidhiwa ofisi yote pamoja na ule ufunguo. Miaka hiyo naikumbuka kwa hamu: harufu ya karatasi kuukuu, chai ya saa nne, utani wetu kati ya makabati. Katika mwaka wangu wa mwisho kazini aliingia mwalimu mmoja, Clarisse, ameshika karatasi yenye namba ya askari.

"Papa, niko natafuta baba yangu. Mama anasema alitukimbia, akaoa ku Kasenga. Hata jina yake hatuitaje mu nyumba. Sasa mama iko mugonjwa sana. Nataka ajue kweli mbele ya kufa."

Nilifungua daftari lile lile. Nilipoona jina, nilikaa chini. Nilimkumbuka yule mama wa dirishani.

Kabatini nilikuta faili jembamba. Ilunga alikuwa amehamishiwa upelelezi wa jeshi, akatumwa Kasenga kwa jina la uongo kama mchuuzi wa samaki, achunguze nani anavuka mto. Aligunduliwa, akauawa. Ndani ya faili mlikuwa na barua yake pia, akiomba siku mbili aje kumwona mkewe aliyekaribia kujifungua. Chini yake mkuu wake aliandika: Hapana.

Katika kazi yetu karatasi moja haitoshi. Nilisafiri hadi Kasenga, padri akanifungulia daftari la mazishi la parokia. Lile jina la uongo lilikuwamo, na tarehe ilikuwa ileile ya kwenye faili.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi hunitembelea, wananiuliza mambo ya faili na mashine zao mpya. Mimi nawasimulia siku nilipokwenda mtaa wa Katuba na Clarisse, nyumbani kwa mama yake.

Nilimsomea mama yule kila kitu, na ile barua nikaisoma mara mbili kwa sababu aliniomba. Kisha nikamwambia kwamba aliyemjibu vibaya dirishani ni mimi. Alinigeukia.

"Ni weye?"

"Ni mie, Mama. Unisamehe."

Alishuka kitandani polepole, akakaa sakafuni, akafungua kitambaa cha kichwa.

"Clarisse," alisema, "peleka biti inje, watu ya matanga bakalie, uite majirani. Baba yako alikufa."