Obedi na Pikapu ya Silinda Nane

Ukitaka kumuudhi Obedi Mazengo, mwulize gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Atakutazama kwanza, kisha atakuuliza yeye: limebeba nini, linapita wapi, na nani amekaa kiti cha pili? Wasiomjua husema ana maringo. Maringo wapi! Swali hilo lilimnyima usingizi miezi mitano, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Ni mtu wa Chamwino, mzaliwa hasa, ana miaka hamsini na mitatu. Ameshika usukani miaka ishirini na minane: malori ya mashudu ya alizeti, basi la Kondoa, gari la wagonjwa kwa muda, na hatimaye magari ya mradi mmoja wa kuchimba visima wenye ofisi yake Dodoma mjini. Ni mzee wa kanisa pia, wale wanaokaa benchi la mbele na kupitisha kapu la sadaka. Mtu wa namna hiyo jina lake ndilo shamba lake. Likiingia kwekwe, kijiji kizima kinaona.

Pikapu yenyewe ilikuja na meli, zawadi ya wafadhili wa mbali. Lo, ule mwili! Ndefu kuliko chumba cha kupanga, silinda nane, inakunywa petroli wala si dizeli, na usukani uko kushoto, hata kulipita lori barabarani lazima abiria akuchungulie kama mbele ni kweupe. Kazi yake ilikuwa kuvuta tela lenye mtambo wa kuchimbia na mabomba ya chuma kwenda Mpwapwa, Gulwe na vijiji vya ndani huko, kwenye mchanga na makorongo. Nguvu ilikuwa nayo. Hakuna siku ilikwama.

Tatizo ni tumbo lake. Magari mengine ya ofisi, ya dizeli, yalikwenda kilomita tisa, kumi kwa lita. Hii, ukipiga hesabu za daftari la gari, ilikuwa nne na kitu. Na dereva aliyemtangulia Obedi alifukuzwa kwa kunyonya mafuta kwa mpira. Obedi alipokabidhiwa ufunguo alikabidhiwa pia macho ya watu. Lisemwalo lipo, wakasema pale ofisini, kama halipo laja.

Ofisa usafirishaji alikuwa Respicius, kijana wa Bukoba, msomi, mpole, anayependa kila kitu kiwe na namba. Alitafuta kwenye kijitabu cha gari ulaji wake wa mafuta. Kijitabu kile kilieleza mpaka namna ya kupasha viti joto, jambo ambalo Dodoma ni kichekesho, lakini ulaji wa mafuta hakikuutaja. Akachimba mtandaoni, akakuta kwamba huko lilikotoka, pikapu za uzito ule watengenezaji wake hawalazimishwi kutangaza namba hiyo. Kila mwenye nayo anajua ya kwake.

"Shikamoo, mzee Obedi," akamwambia alfajiri moja mwishoni mwa Februari. "Leo tutaipima wenyewe. Tunajaza mpaka pampu ikate, tunakwenda Mbande, tunarudi, tunajaza tena. Tutakachopata ndicho kitakuwa kipimo."

"Marahaba. Na tela?"

"Tela liko Gulwe, mzee. Twende hivihivi."

Hapo ndipo Obedi alipojichimbia shimo, na alilichimba kwa kujipendekeza. Angeendesha kama siku zote, yasingemkuta. Lakini dereva wa zamani akikaliwa na bosi kiti cha pili, haendeshi gari, anaonyesha ufundi. Alitoka mjini alfajiri hewa ikiwa bado baridi. Alikanyaga mafuta kama mtu anayekanyaga yai. Mwendo sabini, haupandi haushuki. Madirisha juu, kiyoyozi kimezimwa, Respicius anatoka jasho kwa adabu. Mlima ukionekana mbele anauchukua kwa kasi iliyopo, mteremko ukija anaachia lijiendee lenyewe. Lami tupu, bodi ya nyuma ya mizigo tupu, tela hakuna.

"Mzee, wewe kiboko," Respicius alisema walipofika Ihumwa wakirudi. "Sijawahi kuona mtu anaendesha hivi."

Obedi akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akaanza kubembeleza hata breki.

Pampu ilipokata mara ya pili, Respicius akagawanya kwenye simu yake. Sita na nusu. Kilomita sita na nusu kwa lita. Tabasamu la Obedi likaganda. Alielewa papo hapo, maana hesabu ile ilikuwa fupi: kama gari linaweza sita na nusu, basi mafuta yaliyolishusha daftari mpaka nne yalikuwa yamekwenda wapi?

"Mwanangu, hii ni bila mzigo," alisema. "Likivuta tela kwenye mchanga wa Gulwe haliwezi."

"Tutaweka punguzo dogo," Respicius akajibu, na hakuweka. Kesho yake karatasi ilibandikwa ukutani: pikapu, 6.5. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi walililinganisha daftari na karatasi ile.

Obedi alijitahidi. Alitoka alfajiri kila safari. Alishusha kila kisichohitajika, hata spana za ziada. Alikwenda pole mpaka wenye baiskeli wa Mpwapwa wakawa wanamtania kwa salamu ya Kigogo: "Mbukwenyi, mzee! Tukusukume?" Kwa ufundi wote huo, kwenda na mzigo na kurudi mtupu, alipata tano. Tano si sita na nusu. Mwezi wa Machi alijieleza. Aprili alijieleza tena, na safari hii Respicius hakumtazama usoni. Jumapili iliyofuata, mchungaji akamwuliza kwa upole kama kazini kuna amani. Habari ilikuwa imeshafika kanisani! Siku hiyo Obedi akashindwa kupitisha kapu.

Ndipo akafanya jambo ambalo dereva yeyote kati ya Manyoni na Gairo ukimsimulia atakuona umelewa. Kabla ya kwenda sheli kujaza, alinunua dumu moja la petroli, lita ishirini, kwa fedha yake, akalitia kwenye tangi la gari la ofisi. Stakabadhi ya sheli ikatoka ndogo. Namba ikapanda. Madumu mawili kwa mwezi yalitosha kumfikisha sita na nusu, na Respicius akaanza tena kumwamkia kwa furaha.

Mshahara ulibeba madumu ya Mei. Ulipofika Juni haukubeba. Nyumbani, chumba cha nyuma, kulikuwa na magunia matano ya karanga za mkewe, Loisi, alizozilima peke yake kwenye shamba alilopewa na baba yake. Katika nyumba ile karanga za Loisi ni za Loisi. Kila mtu anajua, hata kuku wanajua. Obedi alilibeba gunia moja Loisi akiwa kisimani, akaliuza. Mwezi wa Julai akabeba la pili. Alijiambia atarudisha. Kila mwenye kubeba hujiambia hivyo.

Jumamosi moja ya Julai, saa sita mchana, alikuwa nyuma ya stoo ya ofisi akimwaga dumu. Dumu kaliweka juu ya ukingo wa bodi, mpira ukashuka mpaka kwenye mdomo wa tangi, yeye kachuchumaa akisikiliza petroli ikikoroma. Mwanahawa, mtunza stoo, alikuwa amekuja kuchukua mwavuli wake wa jua aliousahau. Akachungulia dirishani. Hakupiga kelele, mama wa watu, alipiga picha.

Jumatatu wakaitwa mbele ya mkurugenzi, Injinia Anjelina, mwanamke wa maneno machache aliyechimba visima mkoa mzima. Picha ilikuwa kwenye simu ya Respicius: Obedi, mpira, dumu, tangi. Nani angehitaji maelezo?

"Nilikuwa natia," alisema Obedi.

Mwanahawa aliguna. Respicius akafumba macho, maana alimpenda yule mzee na aibu ilimkamata yeye pia. "Mzee wangu, dereva anatia mafuta yake kwenye gari la ofisi? Tangu lini?"

"Tangu Mei."

"Jamani!" Mwanahawa akasema. "Si bora ungeomba msamaha tu."

Obedi alikuwa na ukweli mkononi na haukuwa na mnunuzi. Alimfikiria mchungaji, akaliona benchi la mbele limekaliwa na mtu mwingine, na machozi yakamlenga mbele ya watu aliowazidi umri.

Injinia Anjelina aliomba simu. Akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama sana.

"Respicius, dumu liko wapi?"

"Juu ya bodi, Injinia."

"Na tangi?"

"Chini yake."

"Wewe uko mradi wa maji mwaka wa ngapi huu?" Akamrudishia simu. "Tangu lini kitu cha majimaji kikapanda mlima bila pampu? Anayenyonya huweka dumu chini, ardhini. Huyu mtu alikuwa anatia kweli."

Mwanahawa alivuta kanga yake, akasema polepole, "Subhanallah." Obedi akaulizwa kwa nini, akaeleza yote, kuanzia safari ya Mbande na yai alilolikanyaga. Alieleza akitazama sakafu. Kuhusu karanga hakusema.

Wiki ile walipima upya, tela likiwa na mabomba, mpaka Gulwe na kurudi, Injinia mwenyewe kiti cha pili. Kwenda walipata tatu na nusu, kurudi bila tela tano na nusu. Karatasi ya ukutani ikabadilishwa. Na Obedi akapewa barua ya onyo, maana ofisi ni ofisi: amepotosha kumbukumbu za gari. Respicius aliikabidhi kwa mikono miwili akitaka radhi. Obedi akaipokea kwa furaha, akaomba nakala ya pili kwa ajili ya mchungaji.

Jioni aliingia nyumbani akiimba. Loisi alikuwa uani akipepeta uwele.

"Mama Violeth, acha hiyo, usikie!" Akasoma kwa sauti ya kanisani: "'Imethibitika kwamba hukuiba mafuta ya mradi, bali kwa nyakati tofauti ulikuwa ukitia katika gari la ofisi mafuta yako mwenyewe.'"

"Rudia hapo mwisho."

"'Mafuta yako mwenyewe.'"

"Wameandika hivyo? Na mhuri?"

"Na mhuri."

Loisi aliweka ungo chini, akakung'uta pumba mikononi, kiganja kimoja baada ya kingine. "Yako mwenyewe," akasema. "Chumba cha nyuma kuna magunia matatu, baba Violeth. Nilivuna matano."

Obedi alibaki na barua mkononi. Kwa miezi mitano alikuwa amekimbia neno moja, mchana na usiku, na sasa lilikuwa limekaa hapo uani, halimwachii pa kupita. Angeweza kusema panya. Angeweza kusema nitarudisha. Akaikunja barua mara mbili, akavua kofia.

"Nilikuibia," akasema.

"Haya," Loisi akajibu. "Hilo ndilo ninalolingoja tangu mwezi wa sita. Kaa chini, ule."